Namba ya Kioo Si Joto la Majani

Anayenunua vepu ya majani makavu, ile ya mkononi yenye betri na kioo kidogo cha namba, hakawii kukutana na jedwali la viwango vya mchemko. Jedwali linasema THC, kemikali ya bangi inayolevya, huchemka kwenye nyuzi 157 za Selsiasi, CBD, kemikali nyingine ya bangi, huanzia 160, na limonini, yenye harufu ya maganda ya limau, ni 176. Basi anaambiwa aweke 160 apate hiki, kisha apande hadi 180 aongeze kile. Baadhi ya wanaolitegemea ni wagonjwa wa Ujerumani, ambako madaktari wameruhusiwa kuandika maua ya bangi kama dawa tangu Machi 2017, na watumiaji wa Kanada, ambako bangi ilihalalishwa kwa watu wazima Oktoba 2018. Jedwali hilo linavutia kwa kuwa lina namba, lakini linapotosha. Mpangilio wa joto katika vepu una kazi moja kubwa, nayo ni kumwezesha mtu kurudia leo alichofanya jana. Kuchagua kemikali moja moja hauwezi.

Tuanze na hiyo 157. Ilipimwa maabara, THC ikikenekwa ndani ya chombo kilichonyonywa hewa karibu yote, na kimiminika chochote huchemka kwa joto dogo zaidi pale kanieneo ya hewa inapopungua. Katika hewa ya kawaida, kiwango cha mchemko wa THC kiko juu mno kuliko hapo. Kariofilini, kemikali nyingine ya mmea huo, imepatwa na hayo hayo: majedwali mengi huiandikia nyuzi 119 au 130, ilhali katika hewa ya kawaida hupita 250. Limonini yenyewe imeandikwa sawasawa. Kwa hiyo safu moja ya namba imechanganya vipimo vya aina mbili, na msomaji hana njia ya kujua kipi ni kipi. Hata hivyo, namba zote zingesahihishwa, kosa kubwa zaidi lingebaki palepale, nalo ni kudhani kwamba kitu hakigeuki mvuke mpaka kichemke. Eujeno, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, huchemka kwenye nyuzi 254. Lakini karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi Pemba zinanukia mpaka barabarani, na hakuna jua la nyuzi 254. Kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) cha Wawi, karibu na Chake Chake, hukeneka mafuta hayo hayo kwa mvuke wa maji, katika joto lisilofika nusu ya kiwango hicho. Kila kemikali ya mmea hutoka kidogo kidogo katika joto lolote, na joto likipanda kiasi kinachotoka huongezeka kwa kasi. Kwenye nyuzi 160 zote zinatoka pamoja, zile nyepesi kwa wingi na zile nzito kwa uchache. Kwenye 200 zote zinatoka zaidi, na nyepesi zinamalizika mapema. Kinachobadilika ni uwiano na mwendo wa kutoka.

Kisha kuna swali la namba yenyewe inasoma nini. Katika vepu nyingi za mkononi, kihisi joto kimekaa kwenye kipashajoto au ukutani mwa kikombe cha majani, hakimo katikati ya majani. Kioo kinaposema 190, ukuta ndio wenye 190. Majani ni kipitishi duni cha joto, kwa hiyo katika vepu inayopasha kwa mguso, yale yanayogusa ukuta yanaweza kuwa yameshakuwa kahawia wakati ya katikati bado ni ya kijani. Ndiyo sababu watumiaji wake hukoroga kikombe katikati ya kikao. Katika ile inayopasha hewa kwanza na kuipitisha kwenye majani, joto husambaa vizuri zaidi, lakini hapo mapafu ya mvutaji yanakuwa sehemu ya mashine. Akivuta kwa nguvu, hewa baridi inapita haraka kuliko kipashajoto kinavyoweza kuipasha, na majani yanapoa ingawa kioo hakijasogea. Unyevu nao una sehemu yake. Maji hula joto jingi kabla ya kugeuka mvuke, na majani mabichibichi hutumia pumzi za mwanzo kujikausha tu. Usagaji huamua eneo la majani linaloguswa na hewa. Kushindilia huamua kama hewa itapita kote au itatoboa njia moja ya mkato. Betri inayokaribia kwisha huchelewa kurudisha joto baada ya kila pumzi. Sijataja bado uzembe wa kawaida kabisa, wa kusoma maelekezo ya Farenhaiti kwenye kifaa kilichowekwa Selsiasi: nyuzi 392 za Farenhaiti ni 200 za Selsiasi, na anayeweka 180 za Farenhaiti ana nyuzi 82 tu, joto lisilomtosha hata wa kuchemsha chai.

Utafiti unaunga mkono mashaka haya. Mwaka 2016 watafiti wa Uswisi walijaribu vepu kadhaa kwa bangi ya tiba, zile za umeme zikiwa zimewekwa nyuzi 210. Kiasi cha THC kilichopatikana kwenye mvuke kilianzia zaidi kidogo ya nusu katika kifaa kimoja hadi zaidi ya asilimia 80 katika kingine. Namba ilikuwa ileile, mavuno yakatofautiana. Kabla yao, mwaka 2006, kikundi cha Leiden, Uholanzi, kilipima Volcano, mashine ya mezani ya Kijerumani, kwa THC safi. Kiliona mpangilio bora ni karibu nyuzi 226, mbali kabisa na 157 ya jedwali, na hata hapo wastani wa asilimia 54 tu ya THC ndiyo ilifika kwenye mfuko wa mvuke. Tena wavutaji walitoa nje kwa pumzi takribani theluthi ya kile walichovuta.

Mtumiaji mzoefu atapinga hapa: mbona ladha inabadilika kweli? Kwenye 170 mvuke ni mwepesi na una harufu ya mmea; kwenye 210 ni mzito na unakwaruza koo. Ni kweli, na haipingani na hoja. Kinachoonja tofauti ni ulimi wa mtu anayehama nyuzi 40, na safari ndefu hivyo hubadilisha uwiano wa vyote vinavyotoka. Ila hakuna atakayenishawishi kwamba 183 na 186 ni dawa mbili tofauti, wakati pumzi moja ya nguvu inaweza kuyumbisha joto la majani kuliko hizo nyuzi tatu. Atauliza pia: basi vifaa vya bei, vinavyodhibiti joto kwa usahihi, ni ulaghai? La. Mgonjwa anayetumia kipimo kilekile kila jioni anahitaji kifaa kisichoyumba, hata kama namba yake imekosea kwa nyuzi 10, mradi ikosee vilevile kila siku.

Hivyo basi, anayetumia vepu kihalali aipange kwa eneo la joto, si kwa namba moja. Asage majani kwa wastani, ajaze kikombe bila kushindilia, aanze 175 au 180, avute polepole na sawasawa. Mvuke ukipungua apande nyuzi 10 badala ya kuongeza nguvu ya kuvuta, na asipite 210. Kisha afungue kikombe aangalie. Majani ya kahawia kwa usawa yanaonyesha kazi imefanyika. Ya kijani katikati yanadai kukorogwa au joto zaidi. Meusi, au yenye harufu ya kuungua, yanasema mpaka umevukwa. Sehemu ya nyuzinyuzi za mmea huanza kuvunjika karibu na nyuzi 220, na kutoka hapo mvuke unaanza kufanana na moshi. Rangi ya mabaki ni shahidi mzuri kuliko kioo, kwa sababu yenyewe imetoka ndani ya majani.

Pingamizi la mwisho ndilo zito: kwamba joto la chini ni salama, kwa hiyo mtu abaki kwenye joto hilo ajivutie tu. Kweli, kutounguza kunapunguza mengi. Uchunguzi wa mwaka 2004 uliokuta kemikali zaidi ya 100 kwenye moshi wa bangi ulikuta chache mno kwenye mvuke. Lakini mvuke safi si mvuke dhaifu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 2018 waliwapa watu wazima 17, wasiotumia mara kwa mara, miligramu zilezile za THC kwa moshi na kwa vepu. Vepu ikapandisha THC zaidi kwenye damu na kuwalevya zaidi. Tena joto la vepu halitegemewi kusafisha majani yaliyoota ukungu. Wakulima wa mahindi wanajua sumukuvu haiondoki kwa kupika, na bangi yenye ukungu imewahi kuwaletea maradhi ya mapafu wagonjwa wenye kinga dhaifu. Mwenye pumu asidhani mvuke ni tiba kwa sababu tu hauna majivu.

Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya, sheria haitofautishi bangi ya vepu na ya msokoto. Zote ni kosa. Kwa ndugu aliyeko Berlin au Toronto mwenye cheti cha daktari, shika daftari: andika gramu ulizoweka, mpangilio uliotumia, idadi ya pumzi, na rangi ya mabaki. Daktari akitaka kurekebisha dozi yako, hayo ndiyo atakayohitaji, na nyuzi peke yake hazitamsaidia.