KAYAKI HAIFI BAHARINI, INAFIA MCHANGANI

UKIPITA ufukwe wowote wa Dar siku ya Jumapili, kuanzia Kunduchi mpaka Mjimwema kule Kigamboni, hutakosa kuziona. Nyekundu, njano, rangi ya chungwa, zimejipanga mchangani kama samaki wa mnada. Kayaki hizo! Vijana wa mjini wamezipenda kweli kweli. Braza na sista wake wanakodi, wanapiga kafi mbili tatu, picha za kuwatambia washikaji, starehe imekwisha. Jioni kila mtu anawahi pantoni. Anayebaki pale pale ni kayaki, na hapo ndipo kasheshe inapoanzia.

Wengi wanadhani adui wa chombo ni chumvi na mawimbi. Mimi ninayeshinda fukwe hizi karibu kila wikiendi nakwambia, msomaji wangu, siyo kweli. Piga hesabu mwenyewe. Kayaki ikipata wateja sana inakaa majini saa nne kwa siku. Saa 20 zilizobaki iko nchi kavu, imeanikwa. Sasa nani hasa anayeila?

TANKI JEUSI, KAYAKI NJANO

Kayaki nyingi za kukodisha ni za plastiki iitwayo polietilini, ndugu wa damu wa tanki la maji lililoko juu ya nyumba yenu. Hata utengenezaji wake ni ule ule: unga wa plastiki unamwagwa ndani ya umbo la chuma, umbo linazungushwa kwenye tanuri, unga unayeyuka na kujipaka kuta zote. Likipoa unatoa chombo kizima kisicho na kiungo.

Sasa jiulize, mbona tanki linakaa juani miaka na halilalamiki? Siri ni ule weusi. Ndani yake kuna masizi, na masizi yanazuia ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, wataalamu wanaiita urujuanimno. Miale hiyo ndiyo inayokatakata minyororo midogo midogo inayoishikilia plastiki. Lakini nani atakodi kayaki nyeusi? Wateja wanataka rangi za kumeremeta. Viwanda vinachanganya dawa ya kupambana na jua, ni kweli, ila dawa hiyo inachelewesha tu. Inapungua siku hadi siku, na sisi hapa Dar tuko karibu na ikweta, jua linatupiga utosini.

Umeshaona kiti cha plastiki cha kijiweni kilichokaa nje miaka? Kinaanza kupauka, kinaacha unga mweupe kwenye suruali, halafu siku moja jamaa mnene anakaa, pwaa! Vicheko. Kiti kikipasuka unaanguka chini unajifuta vumbi. Kayaki ikipasuka, chini ni wapi?

UPATU ULIOINGIA MAJI

Hilo siyo swali la utani. Nawafahamu vijana wawili wa Kigamboni waliocheza upatu karibu mwaka mzima, wakakusanya mshiko wakanunua kayaki mbili za mtumba kwa mtu aliyekuwa anafunga biashara yake ya ufukweni. Zilikuwa zinang'aa, kumbe zilipakwa mafuta asubuhi ile ile. Hakuna aliyewaambia kwamba zilikuwa zimelala juani, mgongo chini, misimu kadhaa.

Jumamosi moja nikiwa pale na wenzangu tukaona ngalawa ya wavuvi inarudi, nyuma inakokota kitu chekundu kilichozama nusu. Ndani ya ngalawa amekaa mmoja wa wale vijana na mteja wake, dada mmoja wa chuo, wote wameloa chapachapa. Kayaki ilikuwa imechanika chini ya kiti, ufa wa urefu wa mkono, maji yakaingia wakiwa mbali na watu. Kilichowaokoa ni majaketi waliyovaa na macho ya wale wavuvi.

Fundi wa kuunga plastiki kwa moto alipoletwa alijaribu. Kila akiunga ufa mmoja, pembeni unafunguka mwingine. Plastiki iliyokwisha kuliwa na jua haishiki. Jasho la mwaka mzima likageuka hori la kunyweshea ng'ombe, na hata hori lenyewe linavuja.

WAZEE WALIJUA ZAMANI

Nilimwuliza mzee mmoja fundi wa vyombo pale Kunduchi. Shikamoo, mzee. "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza habari ya kayaki, akacheka. "Nyie mnadhani plastiki haina haja ya kivuli? Chombo ni chombo. Ngalawa yangu ya mwembe nikiiacha juani wiki mbili bila kuifunika, inafunguka kama muhogo uliokauka."

Akanikumbusha mambo ya pwani yetu. Jahazi linapakwa sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu ya kukukimbiza, ili mbao zisikauke. Chini linapigwa deheni dhidi ya maji na wadudu. Ngalawa inapandishwa juu ya magogo, chini ya mvinje, inafunikwa makuti. Hakuna aliyesomea hayo darasani.

Hata wenyewe waliobuni kayaki, Wainuiti wa Greenland na nchi za barafu za kaskazini mwa Amerika, waliishughulikia hivyo hivyo. Kayaki yao ilikuwa ngozi ya sili iliyovikwa juu ya fremu ya miti iliyookotwa pwani au mifupa ya nyangumi. Ikitoka majini inapandishwa kwenye kichanja, ipate upepo ikauke, na mbwa wenye njaa wasije wakaitafuna. Mtu wa barafu na mtu wa Kunduchi hawakuwahi kuonana, lakini wote walijua kuwa chombo hakilazwi chini.

SASA UFANYE NINI?

Kwanza, kivuli. Banda la mirunda na makuti linashinda kila kitu, kwa sababu linazuia jua na kuruhusu upepo. Kama huna nafasi, turubai linafaa, ila usilivike kama shuka mwilini. Litundike juu kidogo, hewa ipite, maana likigusa chombo linatunza joto na unyevu. Lichunguze mara kwa mara, kwani nalo linaliwa na jua vile vile.

Pili, kichanja. Kayaki ilale kifudifudi, au kwa ubavu, juu ya mihimili miwili iliyofungwa vipande vya mpira wa ndani ya tairi. Mhimili uwe robo ya urefu kutoka kila ncha, yaani kayaki ya mita 4, mita 1 huku na mita 1 kule. Usiitundike kwa vishikio vyake, itapinda kama ndizi. Wala usiikaze kwa kamba nyembamba mchana wa jua kali, plastiki yenye joto inabonyea. Ikishabonyea kidogo, iache wazi bila mzigo ipate joto la wastani, mara nyingi inarudi yenyewe.

Tatu, maji baridi. Ioshe kila ikitoka baharini. Chumvi haina ugomvi mkubwa na plastiki, bali inakula skrubu, waya na misumari. Fungua kizibo imwage maji yote, na vifuniko vya matundu uvilegeze, hewa ya ndani ikipata joto iwe na pa kutokea.

Nne, masika. Kayaki ya kukalia ndani ikiachwa mdomo juu inakuwa pipa. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo lita 150 ni sawa na mifuko mitatu ya saruji imekaa juu ya tumbo la chombo chako. Tena maji hayo yaliyotuama ndiyo anayotagia mayai mbu wa dengue, na Dar iliionja dengue mwaka 2014 na tena 2019.

Tano, upepo na bamvua. Kayaki tupu ni nyepesi, kusi ikivuma inairusha. Siyo kila mwaka tunapata kimbunga kama Hidaya cha Mei 2024, lakini bamvua linakuja kila mwezi mwandamo na kila mwezi mpevu. Weka kichanja juu ya mstari wa takataka zinazoletwa na maji makubwa, na ukifunge kwenye nguzo iliyochimbiwa.

Kwa wenye kayaki za faiba, kinga ni nta ya kupaka kama ya magari. Za plastiki zina dawa yake ya kupulizia ya kuzuia jua, lakini isikudanganye ukaacha kivuli.

KABLA HUJALIPA AU KUPANDA

Ukitaka kununua ya mtumba, usidanganywe na mng'aro. Bandua kona ya stika moja, utaona rangi ya asili. Ikiwa tofauti ni kama usiku na mchana, ujue jua limekula vya kutosha. Ioshe kwa sabuni mafuta yatoke, ikauke, kisha ipanguse kwa kiganja. Unga mweupe ni dalili mbaya. Vinyufa kama tope lililokauka, hasa chini ya kiti, ondoka na fedha zako.

Na wewe unayekodi tu Jumapili na mtoto wa watu, pindua chombo uangalie tumbo lake kabla hujaingia. Mwenye nacho akinuna, mwache anune. Halafu tazama kinalala wapi. Ukiona kichanja na kivuli, lipa, vaa jaketi, kula raha. Ukiona kimelazwa juani na maji ya mvua ya juzi ndani, kanywe madafu. Bahari ya Hindi haiendi popote.