Manifoldi Iliyopigwa Weldi Vibaya: Kwa Nini Isichomelewe Juu kwa Juu

Asubuhi na mapema, kwenye steji yoyote ya kaunti yetu, kabla injini hazijapata moto, tega sikio. Kati ya matatu zinazongoja abiria hakosi kuwamo moja inayotoa mlio wa haraka, tik-tik-tik, kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko. Dereva akikanyaga mafuta, mlio nao unakwenda mbio. Baada ya dakika chache unapungua au unanyamaza kabisa, na dereva anaondoka akiamini kwamba tatizo limeisha. Halijaisha. Chuma kimepata joto, kikatanuka na kuubana ufa kwa muda. Injini ikipoa jioni, ufa utafunguka tena.

Mara nyingi mlio huo hutoka kwenye manifoldi ya ekzosi, yaani kile kipande cha chuma kilichofungwa ubavuni mwa injini, chenye mikono inayopokea moshi kutoka kila silinda na kuukusanya kwenye bomba moja. Na mara nyingi, ukichungulia, utakuta hapo palishapigwa weldi, tena si mara moja. Weldi imerundikwa juu ya weldi hadi pakaota kinundu kama kichuguu.

"Fundi, nipigie weldi hapo mbio, nina abiria," dereva husema. Fundi naye anajua kwamba akikataa, jirani yake wa kibanda cha pili ataipokea kazi hiyo. Basi huchukua rodi iliyo karibu. Makala haya yanawahusu wote wawili, na yanamhusu pia abiria aliyeketi ndani, ambaye hakuulizwa.

Kinachotoka kwenye ufa

Katika matatu nyingi za abiria 14, zile tunazoziita "nissan" hata kama ni Toyota HiAce, injini imekaa chini ya viti vya mbele. Manifoldi ikivuja, moshi hautoki nyuma ya gari kama ulivyokusudiwa. Unatokea hapo chini ya dereva, na hupenya ndani kupitia kifuniko cha injini kisichofunga vizuri, matundu ya nyaya na raba zilizochakaa. Siku ya mvua, madirisha yakiwa yamefungwa yote, abiria huvuta hewa hiyo hadi mwisho wa safari.

Moshi wa injini ya petroli una gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na hushikana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huanza kuumwa na kichwa, kusikia kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, akadhani ni uchovu au njaa. Kwa dereva, usingizi huo ni ajali. Injini ya dizeli hutoa gesi hiyo kwa kiasi kidogo zaidi, lakini moshi wake una hatari yake: mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kuna pia hasara ya mfukoni. Gari la petroli la siku hizi lina sensa ya oksijeni inayopima moshi na kuiarifu kompyuta ya injini. Ufa ulio kabla ya sensa hiyo huvuta hewa ya nje, sensa ikadhani petroli ni kidogo, na kompyuta ikaongeza. Gari linakunywa mafuta bila sababu na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Kwa dizeli yenye tabo, moshi unaovuja haufiki kuizungusha tabo ipasavyo, na gari linakosa nguvu mlimani.

Kwa nini weldi ile haikushika

Fundi aliyechomelea geti lako likadumu miaka kumi anaweza kuchomelea manifoldi yako ikapasuka wiki ileile, na asiwe fundi mbaya. Tofauti iko kwenye chuma. Chuma cha geti na madirisha kina kaboni kidogo sana, kwa kawaida isiyozidi robo ya asilimia moja. Manifoldi nyingi ni za kasti, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na kasti ina kaboni ya asilimia 2 hadi 4. Rodi ya kawaida, ile ya geji 12 au 10 iliyozoeleka jua kali, ikiyeyukia humo huchanganyika na kaboni hiyo. Kipande kizima kikiwa baridi, joto linavutwa haraka, na ukanda mwembamba kando ya weldi unakuwa mgumu kama kioo. Pitisha tupa hapo, itateleza bila kula. Weldi inapopoa inanywea, kasti haijui kunyumbuka, basi inakatika. Ndiyo maana weldi yenyewe hubaki nzima huku ufa mpya ukipita kandokando yake. Ukiongeza weldi nyingine juu, umeongeza ukanda mwingine mgumu na mvuto mwingine. Ufa wa chini uko palepale, umefunikwa tu.

Kosa la pili ni uchafu: mafuta, masizi na kutu vikichomelewa pamoja na chuma huacha vitundu, na moshi hupita humo. La tatu ni kuchomelea manifoldi ikiwa imelegea hewani. Inajipinda, na uso wake unaokutana na injini haukai tena sawasawa hata ukiweka gaskiti mpya.

Namna ya kuirekebisha

Kwanza itoke garini. Kuichomelea ikiwa imefungwa injinini ni kubahatisha, kwa sababu upande wa nyuma hauonekani wala haufikiki, na umeme wa weldi unaweza kuharibu kompyuta ya gari. Kama hapana budi, betri itolewe waya kwanza. Bolti za manifoldi hukatika kwa urahisi, hivyo zipakwe mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla. Fundi akikuomba umwachie gari tangu jana yake, usimwone mvivu.

Ioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Baadhi ya dawa za kupuliza za kusafishia breki zina klorini, na zikikutana na moto wa weldi hutoa fosjini, gesi yenye sumu kali inayoharibu mapafu. Dawa hiyo isikaribie kabisa kipande kitakachochomelewa.

Kisha weldi yote ya zamani iondolewe kwa grinda hadi chuma cha asili kionekane. Hii ndiyo kazi kubwa, na ndiyo inayorukwa. Hapo fundi atambue anashughulika na chuma gani. Kasti ikiguswa na grinda hutoa cheche fupi nyekundu zisizong'aa sana; chuma cha kawaida hutoa cheche ndefu na angavu. Ukiitoboa kwa drili, kasti hutoka unga, lakini chuma cha kawaida hutoka nywele zilizojikunja.

Ufa nao utafutwe mwanzo na mwisho wake. Njia rahisi haihitaji mashine. Pakaa mafuta ya taa, subiri kidogo, futa pakauke, kisha paka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari juu ya chaki. Mara nyingi mstari huo ni mrefu kuliko ulivyodhania. Kwenye kila ncha litobolewe tundu dogo, kama la milimita 3, ili ufa usiendelee kukimbia, halafu uchongwe mfereji wa umbo la V kuufuata. Pashwe moto kidogo, mafuta yaliyozama ndani yaungue.

Rodi inayofaa ni ya nikeli. Zipo za nikeli karibu tupu na zipo za mchanganyiko wa nikeli na chuma. Kwenye pakiti zimeandikwa ENi-CI au ENiFe-CI. Ni ghali mara kadhaa kuliko za kawaida, lakini manifoldi moja huhitaji chache tu, na mwenye gari anaweza kuzinunua mwenyewe akampelekea fundi. Weldi ya shaba, ambayo hufaa kasti nyingine nyingi, siipendekezi hapa. Injini ya petroli ikivuta mzigo mlimani, moshi wake huweza kuzidi nyuzi 700 za Selsiasi, na kwenye joto hilo shaba hupoteza nguvu. Gundi za chuma za dukani ni za kukufikisha gereji tu.

Kabla ya kuchomelea, manifoldi ifungwe kwa bolti kwenye bamba nene la chuma lililonyooka, isijipinde. Fundi mwenye tanuru anaweza kuipasha yote taratibu hadi nyuzi 300 au zaidi. Kupasha sehemu moja tu kwa mtungi wa gesi na kuacha kwingine baridi ni kutengeneza ufa mwingine. Asiye na tanuru atumie njia ya polepole: achomelee sentimita 2 au 3, agongegonge weldi hiyo kwa nyundo ndogo ingali moto ili mvuto upungue, kisha aache. Anaendelea tu pale anapoweza kuigusa kwa mkono, na sehemu inayofuata iwe mbali kidogo na ya kwanza. Kazi ya dakika kumi inakuwa ya nusu siku, na hakuna mkato wake.

Ikimalizika ifukiwe kwenye jivu kavu, chokaa au mchanga mkavu, ilale humo hadi ipoe yenyewe. Kuimwagia maji kwa kuwa mteja ana haraka ni kuharibu kazi yote.

Manifoldi za bomba jembamba la chuma cha pua ni habari nyingine. Hizo huchomelewa kwa mashine ya gesi ya agoni, na agoni ipite ndani ya bomba pia, la sivyo upande wa ndani huungua na kufanya chengachenga kama sukari. Kama gereji haina vifaa hivyo, ipeleke kwingine.

Fundi nawe, moshi wa weldi uliwekwa katika kundi lilelile la visababishi vya saratani mwaka 2017. Chomelea penye hewa, tumia kinyago kamili, na miwani ya jua si kinga.

Kabla ya kulipa

Mwenye gari ana haki ya kuona. Uliza rodi gani imetumika. Omba rula ya chuma iwekwe juu ya uso wa manifoldi unaokutana na injini. Ukiona mwanga unapita chini yake, ipelekwe kwanza kwa fundi wa mashine aunyooshe. Mdomo wa kutokea uzibwe, hewa ya shinikizo dogo iingizwe, na weldi ipakwe maji ya sabuni. Povu likitokea, kazi haijaisha. Gaskiti iwe mpya, na bolti zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa kipimo cha mtengenezaji.

Kama ufa umekatiza hadi uso unaokutana na injini, au chuma kinabanduka magamba, au hii ni mara ya tatu pale pale, usichomelee tena. Tafuta manifoldi nyingine, hata ya mtumba, lakini ipimwe kwa chaki na mafuta ya taa kabla hujatoa pesa.

Magari ya abiria na ya biashara hukaguliwa kila mwaka na NTSA, lakini ufa hausubiri tarehe. Abiria ukisikia harufu ya moshi ndani ya matatu na kichwa kikaanza kuuma, fungua dirisha na umwambie dereva asimame. Mtu akizimia, mtoeni nje kwenye hewa safi, pigeni simu 999 au 112, na afikishwe hospitali hata akizinduka. Mweleze daktari kwamba alivuta moshi wa gari, kwa sababu dalili zake hufanana na za magonjwa mengine.

Na asubuhi inayofuata matengenezo, kabla ya kuingia barabarani, washa injini ikiwa baridi kabisa, zima redio, usikilize.