Mpiga Piano na Misitu Yake

Somo letu la leo lamhusu mtu mwenye kazi mbili: Bwana Chuck Leavell wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1952. Kazi yake ya kwanza ni kupiga piano katika muziki wa roki, yaani muziki wa magitaa na ngoma zenye kishindo. Mwaka 1982 alianza kupiga pamoja na Rolling Stones, bendi mashuhuri ya Uingereza. Kazi yake ya pili ni kupanda miti.

Mwaka 1981 mke wake alirithi shamba la bibi yake katika jimbo la Georgia. Shamba lina kodi na gharama. Likikaa bure, mwishowe huuzwa. Wapande nini? Wakachagua misonobari. Lakini Bwana Leavell hakuijua kazi ya misitu. Basi, mtu mzima mwenye mke na kazi, akajiandikisha kusoma kwa njia ya posta. Aliposafiri na wanamuziki, vitabu vyake vilisafiri naye.

Je, mkulima wa miti hujifunza nini? Wengi hudhani kuwa kutunza msitu ni kutokata mti hata mmoja. Sivyo. Misonobari hupandwa karibu karibu. Baada ya miaka kama 15 huanza kunyang'anyana mwanga na maji. Hapo mwenye shamba hukata ile iliyo dhaifu, akaiuza ifanywe karatasi. Iliyobaki hupata nafasi na kunenepa. Ikifika miaka 30 au zaidi, hupasuliwa mbao, na miche mipya hupandwa. Tena, majani makavu huchomwa kwa uangalifu, sehemu kwa sehemu, ili moto mkubwa ukija usipate cha kula.

Basi, apandaye akiwa na miaka 30 huvuna akiwa na 60. Kazi hii yataka subira, tena yataka hesabu. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Mwaka 1999 Bwana Leavell na mkewe walichaguliwa kuwa wakulima bora wa miti katika Marekani nzima. Naye hukumbusha watu kwamba hata piano imetoka katika mti.

Maswali
1. Bwana Leavell alijifunzaje kazi ya misitu?
2. Kwa nini miti dhaifu hukatwa kwanza?
3. Kijijini kwenu, nani hupanda mti baada ya kukata?