Sekunde saba za dramu: hesabu na mikono nyuma ya drum'n'bass

Ukimsikilizisha mtu drum'n'bass kwa mara ya kwanza, mara nyingi utapata jibu moja kati ya mawili. "Hizi kelele tu." Au: "Huyo prodyuza anabonyeza vitufe, mashine ndiyo inayopiga." La kwanza ni suala la ladha, tuliache. La pili linajibika, tena kwa fizikia ya sekondari na hesabu za kugawanya. Twende pamoja.

Breki isiyo ya gari

Mwaka 1969 bendi ya Kimarekani iitwayo The Winstons ilitoa santuri ndogo ya wimbo "Color Him Father". Upande wa pili kulikuwa na "Amen, Brother", wimbo wa vyombo vitupu. Katikati yake bendi nzima inanyamaza, mpiga dramu Gregory Coleman anabaki peke yake kwa mapigo 16, kisha wenzake wanarudi. Kipande kama hicho, ambapo dramu zinaachiwa uwanja, huitwa breki. (Haihusiani na ya gari.)

Coleman alipiga kwa mwendo wa takriban mapigo 137 kwa dakika. Gawanya sekunde 60 kwa 137, unapata sekunde 0.44 kwa kila pigo. Zidisha kwa 16: sekunde saba. Hizo sekunde saba ndizo zilizokuja kujenga sehemu kubwa ya muziki wa jungle na mrithi wake, drum'n'bass, huko Uingereza miaka ya 1990.

Wazo la kuirefusha breki lilikuwa la zamani zaidi. Mwaka 1973, mtaani Bronx, New York, DJ Kool Herc aliona watu wanachangamka zaidi breki ikifika. Basi akawa anaweka nakala mbili za santuri moja kwenye mashine mbili: breki ikiisha huku, anaianzisha kule. Hip hop ilianzia hapo.

Mwendo na sauti vimefungwa kamba moja

Maprodyuza wa London walitaka kasi zaidi, mapigo 160 hadi 170 na kitu. Utasema, si waizungushe santuri haraka? Shida ndiyo hiyo. Sauti ni mtetemo, na ukiharakisha santuri unaharakisha kila mtetemo uliomo. Kutoka 137 kwenda 170 ni kuzidisha kwa 1.24. Sauti iliyokuwa ikitetema mara 200 kwa sekunde sasa inatetema mara 248. Kwenye kinanda, ukihesabu na vitufe vyeusi, umepanda karibu hatua nne. Dramu nene inakuwa nyembamba. Kama umesikia singeli ambayo kipande cha taarab kimekimbizwa hadi sauti ikawa ya katuni, unajua ninachosema.

Wembamba huo wenyewe ulipendwa, na jungle nyingi zinao. Lakini mtu akitaka kasi mpya na unene wa zamani, afanyeje?

Njia ya kwanza ni kisu. Unaingiza breki kwenye sampla, mashine inayorekodi sauti na kuicheza tena ukibonyeza kitufe. Akai S950 na S1000 zilitumika sana. Halafu unaikata: dramu ya mguu kipande chake, snea kipande chake, matoazi kipande chao. Kila kipande kinabaki na sauti yake ya asili, ila unavipanga karibu karibu zaidi. Kwa mwendo wa 137, nusu pigo huchukua sekunde 0.22. Kwa 170 ni 0.18. Mkia wa kila mlio unakatwa kabla haujafifia, na ndiyo maana midundo hii inasikika imebana, kama mtu anayeongea bila kumeza mate.

Sasa angalia kilichofunguka. Ukishakuwa na vipande vinane, si lazima uvipange alivyopiga Coleman. Kuna namna 40,320 za kuvipanga, kila kipande kikitumika mara moja. Ukiruhusu kurudia kipande kwenye nafasi hizo nane, zinakuwa 16,777,216. Mashine itakuchezea yoyote utakayoitaka, haichagui. Nyingi zitasikika kama sufuria zinazoporomoka ngazini. Kuipata ile inayokuvuta kiuno, kisha kuibadilisha kidogo kila baada ya sekunde chache ili sikio lisichoke, hiyo ni kazi ya prodyuza. Hakuna kitufe chake.

Njia ya pili ni kuvuta muda. Sampla inaikata sauti kuwa punje ndogo ndogo za milisekunde chache. Kuirefusha, inarudia baadhi ya punje. Kuifupisha, inaruka nyingine. Unene wa sauti haubadiliki. Ila ukizidisha kuvuta, punje za milisekunde 20 zinajirudia mara 50 kwa sekunde, na mrudio wa kasi hiyo sikio linausikia kama mlio mpya kabisa, wa chuma. Kiufundi ni kasoro. Maprodyuza wa jungle waliupenda, wakautumia makusudi.

Kuna pia kinyume chake. Sikiliza "Terminator" ya Goldie, ya mwaka 1992: dramu zinapanda wembamba huku mwendo umetulia pale pale. Kamba iliyofunga mwendo na sauti imekatwa, tena ukiwa unasikia.

Na DJ je?

Chukua nyimbo mbili, moja ya mapigo 170 na nyingine 174. Tofauti ni milisekunde 8 tu kwa kila pigo. Ziache zicheze pamoja: baada ya mapigo 16 zimeachana milisekunde 130, zaidi ya theluthi ya pigo, na ukumbi mzima unasikia vurugu. Kwenye santuri, DJ anarekebisha asilimia 2.4 kwa kidole na sikio moja, sikio la pili likisikiliza ukumbi. Kemistry na Storm, wanawake wawili walioanzisha lebo ya Metalheadz pamoja na Goldie mwaka 1994, walijulikana kwa kazi hiyo.

Mwaka 1997 kundi la Roni Size na Reprazent, la Bristol, lilishinda Tuzo ya Mercury kwa albamu "New Forms". Muziki wa vitufe ukawa umekubalika.

Coleman hakuwahi kulipwa kwa zile sekunde saba. Alifariki mwaka 2006 huko Atlanta akiwa hana makazi. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, naye hakupata mrabaha wowote kwa matumizi hayo. Mwaka 2015 DJ Martyn Webster wa Uingereza alichangisha mtandaoni, Spencer akapewa pauni 24,000. Ni mchango wa hiari wa mashabiki, miaka 46 baada ya kurekodi.

Kwa hiyo ukisema mashine ndiyo inayopiga, umewafuta watu wawili kwa mpigo: aliyechagua mpangilio mmoja kati ya mamilioni, na aliyepiga dramu zenyewe kwa mikono na miguu yake. Hebu jaribu hivi leo. Tafuta "Amen, Brother", isikilize hadi breki ifike, irudie mara tatu. Kisha weka jungle yoyote ya mwaka 1994 au 1995, na uifuatilie ile snea ya Coleman. Ukiipata mara moja, utashangaa ni nyimbo ngapi unazozijua ambamo bado anapiga.