Muhogo unaomnyamazisha kirusi

Shamba la muhogo pale Kisanga, Kilosa, linaweza kuonekana limestawi, kumbe chini mizizi imeoza na mnunuzi wa makopa haitaki. Ndiyo michirizi kahawia, iliyoripotiwa Tanganyika tangu miaka ya 1930.

Ndani ya seli, vipande vidogo vya RNA hukamata ujumbe wa jeni na kuukata kabla haujafanya kazi. Watafiti wa Kenya na Marekani waliufundisha muhogo kukata ujumbe wa kirusi hivyo hivyo, na mwaka 2021 Kenya ikaruhusu upandwe kwa majaribio ya kitaifa. Tanzania ilisimamisha majaribio ya mazao ya namna hiyo mwaka 2018.

Kwa hiyo, mkulima, kabla ya kukata pingili, pasua kwanza mizizi ya shina hilo. Na usiuache muhogo ardhini muda mrefu kama akiba ya benki, uozo huongezeka.