Istilahi za Usafiri wa Mjini: Mgeni Aelekezwe kwa Maneno Gani?

Mgeni afikaye Dar es Salaam kwa mara ya kwanza hutegemea mambo mawili ili afike aendako: bango la kituoni na kinywa cha mwenyeji. Mambo hayo mawili yanapotofautiana kwa maneno, mgeni hupotea, ijapokuwa mabasi ni mengi na wenyeji ni wakarimu. Makala haya yanakusudia kuchambua baadhi ya maneno hayo, na kuonyesha njia impasayo mfasiri wa mabango, ramani na vijitabu vya watalii.

(a) Majina ya mahali

Huduma ya mabasi yaendayo haraka ilianza mwaka 2016 katika njia ya kilomita 21 hivi, kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco. Majina hayo yatosha kuwa funzo. Gerezani ni mtaa jirani na Kariakoo. Mgeni akiandikiwa tafsiri ya neno hilo atadhani anapelekwa kifungoni. Morocco ni mahali katika Kinondoni, si nchi ya Afrika ya Kaskazini. Posta, iliyoandikwa mbele ya daladala nyingi, humaanisha katikati ya mji. Tena iko Posta Mpya na iko Posta ya Zamani, navyo ni vituo viwili mbalimbali.

Kanuni basi ni hii: jina la kituo halitafsiriwi wala halibadilishwi tahajia. Maana yake, ikihitajiwa, hutolewa katika maelezo. Kumweleza mgeni kwamba Kivukoni ndipo pa kupandia kivuko cha Kigamboni kwamfaa kuliko tafsiri ya jina lenyewe.

(b) Majina ya vyombo

Husimuliwa kwamba neno daladala latokana na “dala”, jina la mitaani la sarafu ya shilingi tano, iliyokuwa nauli ya mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa mwaka 1983. Kulifasiri kwa “basi dogo” si kosa la sarufi, lakini hakuna mpiga debe aitaye abiria kwa jina hilo. Hali kadhalika, maandishi ya serikali husema “mabasi yaendayo haraka”, na umma husema “mwendokasi”. Neno la kwanza laeleza kitu. La pili lakitaja. Mgeni ayahitaji yote mawili.

(c) Kituo, stendi na stesheni

Katika mazungumzo, kituo ni mahali pa kupandia na kushukia njiani. Stendi ni mahali safari zianziapo na kuishia. Stesheni ni ya garimoshi. Lugha ya ofisini hupenda “kituo” kwa yote matatu. Tangu mwaka 2021 mabasi ya mikoani yalipohamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis, mgeni aulizaye “kituo cha Mbezi” aweza kuonyeshwa mahali pa kusubiri daladala kando ya barabara, na basi lake la alfajiri likamwacha. Pafaa paandikwe “Kituo Kikuu cha Mabasi (Stendi)”.

Tusidhani kwamba tatizo hili ni la wasiojua Kiswahili tu. Mgeni kutoka Nairobi, aliyezoea matatu, steji na makanga, naye yampasa kujifunza daladala, kituo na konda.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika maandishi ya kuelekeza wasafiri, neno rasmi liandikwe kwanza, na neno la umma lifuate katika mabano. Istilahi hupimwa kwa matumizi. Ile isiyofahamika kwa konda haiwezi kumfikisha mgeni. Walimu, wafasiri na watumishi wa miji mingine wanaombwa kuorodhesha maneno ya usafiri yatumikayo kwao na kutuletea, ili yajadiliwe katika kurasa hizi.