Homa Ikija, Mwarobaini au Kipimo?

Hebu tuanze na swali. Mara ya mwisho ulipopata mafua ulikunywa nini? Kama unaishi Dar es Salaam, bila shaka kikombe chako kilikuwa na tangawizi, mchaichai au limau. Tumbo likisokota, bibi anachemsha majani ya mpera. Homa ikija, macho yote kwenye mwarobaini ulio nje ya nyumba.

Wengine hudhani dawa za miti shamba ni mambo ya kijijini tu. Ah, wapi! Pita Kariakoo uone mizizi, magome na unga wa mlonge vinavyouzwa. Wateja ni watu wa mjini kama wewe na mimi. Dawa hizi zipo karibu, unaweza kununua kidogo kidogo, na tumezizoea tangu utotoni.

Je, zinatibu kweli? Baadhi ndiyo. Kwinini ilipatikana kwenye gome la mti wa Amerika Kusini. Dawa mseto ya malaria nayo ina kemikali iliyotokana na mmea wa Artemisia annua. Mtafiti wa China aliyeigundua, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hata hapa kwetu, Muhimbili imekuwa ikichunguza dawa za asili tangu 1974.

Sasa tatizo liko wapi? Liko kwenye kiasi. Kidonge kina kiasi cha dawa kinachojulikana. Majani je? Inategemea mti, msimu, na umeyachemsha kwa muda gani. Leo utakunywa kidogo mno, kesho utazidisha.

Mimi mwenyewe yalinikuta nikiwa kidato cha tatu. Nilipata homa, nikanywa mwarobaini siku tatu. Uchungu wake, usiombe! Kila asubuhi nilisema, "Leo nafuu." Siku ya nne nilikuwa naweweseka, shangazi akanibeba kwa teksi. Kumbe ni malaria, na ilikuwa imeshapanda. Mwarobaini haukuniumiza. Kilichoniumiza ni zile siku tatu nilizochelewa.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, kumbuka haya:

1. Ukiwa na homa, nenda ukapime siku hiyohiyo. Chai ya tangawizi utakunywa ukirudi.
2. Mwambie daktari au muuguzi kila dawa ya miti unayotumia. Usione aibu. Nyingine hazipatani na vidonge.
3. Mjamzito na mtoto mchanga wasipewe dawa ya miti bila ushauri wa mtaalamu. Mafuta ya mwarobaini, kwa mfano, yanaweza kumdhuru vibaya mtoto mdogo akinyweshwa.
4. Mtu akikuambia dawa yake moja inatibu kila ugonjwa, shtuka!

Na bibi je? Usibishane naye. Mwambie tu, "Bibi, nikapime kwanza, halafu tutaongea." Atakuelewa, maana naye anataka upone.

Jadilini darasani: nyumbani kwenu, mtu akiugua, nani huamua aende hospitali lini?